Stanley mmetuandikia sana, Landry je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba mkasi wako unihurumie. Mara ya mwisho niliandika kuhusu mtaro wa mtaani kwetu, mkachapa mistari minne, na mmoja wao ulikuwa salamu.

Jumamosi mlitoa makala ya mwandishi wa habari Stanley na Tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale hapa kwetu Tabora. Mliweka picha ya ule mlango wa nakshi, mkaeleza jinsi "Mmarekani jasiri" alivyofika Unyanyembe mwaka 1871, akaingia vitani upande wa Waarabu dhidi ya mtemi Mirambo, wakachapwa, kisha akaenda Ujiji kumtafuta Livingstone na kurudi naye hapa, wakaagana Machi 1872. Sina ugomvi na tarehe zenu. Ila mimi nimezaliwa Ng'ambo, nina miaka sabini, na makala za Stanley nilizosoma hazihesabiki tena. Halafu huyo "Mmarekani" alizaliwa Wales, mwaka 1841, jina lake John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alishuka melini New Orleans, jimbo la Louisiana, mwaka 1859, akiwa kijana wa kazi za melini. Jina la Stanley alilipata hukohuko, kwa mfanyabiashara wa pamba.

Mimi ninaye mtu mwingine wa Louisiana, aliyezaliwa mwaka huohuo 1841, ambaye naye jina lake la ukubwani alikuja kujipa mwenyewe. Huyu hakufika Tabora. Anaitwa Pierre Caliste Landry.

Nilimjua hivi. Nilikaa nyuma ya dirisha la tiketi la stesheni miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu, mpwa wangu akanunua bajaji, nami nikawa naenda naye kila alipopata wageni wa Kwihara, kwa sababu nina Kiingereza cha dirishani: cha kuuliza unakwenda wapi na una mizigo mingapi. Siku moja tukampata mzee mweusi, mrefu, kofia ya pama, ameshuka treni ya kutoka Dar es Salaam. Anatoka Louisiana. Ndani ya tembe alisikiliza maelezo yote kwa adabu, chumba hiki alilala fulani, barua hizi aliandika fulani. Kisha akatoka nje, akasimama chini ya mwembe, akaniuliza: "Na wale watumwa waliofungwa? Wote walipelekwa pwani?"

Nikamwambia hapana, wengi walibaki hapahapa, walilima, walipika, walizaa.

"Wajukuu wao wako wapi?"

Nikatazama gurudumu la bajaji. Nikamwambia sijui.

Nitarudi kwenye jibu hilo.

Tuliporudi mjini tukanywa chai ya rangi, yeye akaweka asali ya Tabora vijiko vitatu, ndipo akanisimulia habari za Landry. Alipoona Kiingereza changu kinachechemea akatoa tiketi yake, akaandika nyuma yake vitu vinne: 1841, 1854, $1,665, 1868. Tiketi hiyo ninayo hadi leo. Mengine nilikuja kusomewa na mjukuu wangu kwenye simu, jioni baada ya jioni, hadi akachoka yeye kabla yangu.

1841. Landry alizaliwa Aprili kwenye shamba kubwa la miwa kando ya mto Mississippi, katika wilaya ya Ascension. (Kule wilaya wanaziita parokia, kama za kanisani.) Mama yake, Marcelite, alikuwa mpishi na mtumwa. Baba yake alikuwa kibarua mzungu wa shamba hilohilo, jina lake Roseman Landry. Sheria ya kule haikuuliza baba ni nani. Mtoto alifuata tumbo la mama, kwa hiyo alizaliwa mtumwa, akaitwa Caliste tu. Utotoni alilelewa na mume na mke weusi waliokuwa huru, akapata kusoma, na mwenye shamba alikuwa ameagiza mtoto huyu aachwe huru.

1854. Mwenye shamba alikwisha kufa, na warithi hawakuona sababu ya kutimiza ahadi ya marehemu. Hilo hata hapa halihitaji mkalimani. Caliste akauzwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na bei yake ndiyo ile ya kwenye tiketi: dola 1,665. Aliyemnunua alikuwa Bringier, tajiri wa miwa. Huko alipewa kazi za nyumba kubwa, na mwisho akaaminiwa hata duka la shamba.

Hapa katikati kuna jambo ambalo mgeni hakuliandika, nami nililipenda kuliko yote, kwa sababu ya kazi yangu. Tunafundishwa kwamba Rais Lincoln wa Marekani aliwaachia huru watumwa tarehe 1 Januari 1863. Tangazo lenyewe lilikuwa na orodha ya sehemu ambazo halizihusu, zile zilizokwisha kushikwa na majeshi yake ya Kaskazini katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na katika wilaya za Louisiana zilizotajwa kwa majina, Ascension imo. Kwa hiyo siku dunia nzima inashangilia, Landry aliamka mtumwa, akalala mtumwa. Aliyewahi kupanga foleni tangu usiku akafika dirishani akaambiwa behewa limejaa, na mwambiaji nikiwa mimi, atanielewa. Uhuru wake ulikuja na katiba mpya ya jimbo, mwaka 1864.

Na Stanley wenu? Aprili 1862 alikuwa kwenye mapigano ya Shiloh, amevaa gwanda la majeshi ya Kusini, yale yaliyopigania Landry aendelee kuwa mali. Alitekwa hapo. Simlaumu sana, alikuwa kijana mgeni, na waliomzunguka wote walijiandikisha. Lakini mnapomwita jasiri, na hilo liwemo.

Baada ya vita Landry alihamia Donaldsonville, mji mdogo pale kijito cha Lafourche kinapochepuka kutoka Mississippi. Mji huo uliwahi kuwa makao makuu ya Louisiana, 1830 hadi 1831, kisha heshima hiyo ikaondoka, kama ilivyoondoka kwa miji mingine ninayoijua. Mwaka 1862 manowari za Kaskazini ziliupiga mizinga na kuuchoma. Kwenye mji wa namna hiyo Landry akajenga nyumba na kufungua duka mwaka 1866, akajiita kwa ukoo wa baba yake. Mtoto wa mpishi, aliyeuzwa, sasa anapima yeye mizani.

1868. Katiba nyingine ya jimbo ilikuwa imeandikwa, na kati ya wajumbe 98 walioiandika nusu walikuwa weusi. Wanaume weusi wakapata kura. Mwaka huo Landry akachaguliwa meya wa Donaldsonville, na anatajwa kuwa mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya popote Marekani. Alikaa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja tu! Mjukuu wangu aliposoma hapo akasikitika, akadhani alifukuzwa. Nikamwambia muhula ulikuwa mwaka mmoja, na mtu aliyekwisha kuwa meya bado ana mikono. Kwa nyakati tofauti alishika posta ya mji, uhakimu mdogo, ukusanyaji wa kodi, shule za wilaya. Mwaka 1872, mwaka uleule Stanley na Livingstone walipoagana hapa kwetu, Landry aliingia Baraza la Wawakilishi la Louisiana, na baadaye Seneti ya jimbo. Muswada wake ndio ulioanzisha New Orleans University, chuo cha weusi ambacho baadaye kiliunganishwa na kingine kikawa Dillard University, na Dillard kipo hadi leo.

Hiyo haikuwa kazi ya kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Desemba 1872 Louisiana ilipata gavana mweusi, Pinchback, kwa siku 35. Aprili 1873, kwa ugomvi wa matokeo ya uchaguzi huohuo wa 1872, makumi ya weusi waliuawa katika mji mdogo wa Colfax, wengine wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Mwaka 1874 watu wenye silaha walipigana na polisi wa serikali ya jimbo katikati ya New Orleans. Mtu mweusi aliyekwenda bungeni miaka hiyo aliaga nyumbani kama anayekwenda msituni kurina asali usiku.

Majeshi ya serikali kuu yaliacha kuwalinda weusi mwaka 1877. Landry alikuwa pia mchungaji wa Kimethodisti, na kadiri mlango wa siasa ulivyofungwa alizidi kuhamia madhabahuni na shuleni. Alifundisha na kuongoza katika Gilbert Academy, shule ya weusi. Alifariki Desemba 1921, ana miaka themanini.

Sasa nirudi chini ya mwembe.

Mgeni aliuliza wajukuu wako wapi. Alikuwa anaongea na mmoja wao. Mama yake bibi yangu mzaa baba aliletwa mtumwa kutoka Manyema, huko Kongo, akiwa msichana, kwa njia ya Ujiji, na safari yake ikaishia Tabora kwa sababu mwenye msafara aliumwa na akahitaji chakula. Bibi alitusimulia bei ya huyo mama yake wakati mmoja tu, jioni, anachambua mchicha, bila kuinua uso: doti sita za merikani na mzigo wa chumvi ya Uvinza. Halafu akatutuma maji.

Vijana wanaosoma gazeti hili wanajua merikani ni kitambaa cheupe cha kawaida. Jina limetoka Marekani kweli. Kilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini kwao, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, kikapanda meli hadi Zanzibar, na huku bara kikawa ndiyo fedha yenyewe. Wakati wa vita vyao kiliadimika, wengine wakaingiza vya Uingereza na vya Bombay, lakini jina halikuondoka. Nilipoelewa hilo nilikaa muda mrefu na ile tiketi mkononi. Mtumwa anachuma pamba Marekani, pamba inanunua mtumwa Manyema. Makala zenu za njia ya misafara huanzia Bagamoyo. Nadhani ianzie mbele zaidi.

Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Alijua ni kabla ya sheria ya Mjerumani, ile iliyosema mtoto yeyote wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Mdogo wake wa kiume alizaliwa baada. Tumbo moja, nyumba moja, mkeka mmoja, yeye mtumwa na mdogo wake mwungwana. Wakigombana juu ya shamba la mihogo, yule babu mdogo alikuwa na neno moja la kumaliza ugomvi: "Mimi nilizaliwa huru." Bibi aliinuka, akaenda zake. Tulidhani ni utani wa wazee. Waingereza walikuja kufuta utumwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1922. Bibi tayari alikuwa ameolewa. Na Landry alikuwa na miezi michache tu kaburini.

Mwaka 2009 nilichaguliwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kazi ya kiongozi wa mji mdogo ninaijua kwa miguu yangu: barua ya utambulisho saa nne usiku, mbuzi wa jirani kwenye mchicha wa jirani, mume aliyefungiwa nje. Sikuwa mbaya. Mwaka 2014 nikagombea tena. Wiki ya mwisho neno likapita mtaani, vibarazani na visimani, halikusemwa jukwaani hata mara moja: huyu atatuongoza vipi, na bibi yake alinunuliwa kwa merikani? Aliyelianzisha ninamjua, tunasalimiana, na jina lake haliingii gazetini. Mkutano wa mwisho kijana mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, kwani kwenu hasa ni wapi?"

Nikajibu, "Kwetu ni Usoke."

Usoke sina hata kaburi. Kura zilihesabiwa darasani usiku, kwa taa ya kandili na tochi za simu, nikakosa kwa kura arobaini na moja. Nilijiambia ni mtaro ule. Haukuwa mtaro. Na kinachoniuma hadi leo ni ile Usoke.

Landry hakuwa na Usoke yake. Alisimama kuomba umeya katika wilaya ileile aliyozaliwa na kuuzwa. Waliopiga kura pale wengi wao walikuwa watumwa miaka minne iliyopita, na kila mmoja alikuwa na bei yake. Mbele ya watu hao nani amnong'oneze nani?

Ila neno lile nalo lilimfikia, lilikuja tu kwa njia ya sheria. Mwaka 1898, Landry angali hai, Louisiana iliandika katiba ya kuwaondoa weusi kwenye daftari la kura bila kutaja rangi. Ukitaka kujiandikisha ujue kusoma na kuandika, au uwe na mali ya dola 300. Lakini kama wewe, au baba yako, au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kufikia tarehe 1 Januari 1867, masharti hayo hayakuhusu. Siku hiyo ilichaguliwa na watu wenye akili: mweusi wa Louisiana alikuwa bado hana kura. Kilikuja kuitwa kifungu cha babu. Mwaka 1896 weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa 130,334. Mwaka 1900 walikuwa 5,320. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Wote hao waliulizwa swali nililoulizwa mimi na yule kijana, isipokuwa wao hawakuwa na nafasi ya kudanganya.

Na mji wetu huu masharti ya kura unayajua. Januari 1958 ilikuwa hapa Tabora TANU walipobishana iwapo waingie kwenye kura tatu, ambayo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili uwe mpiga kura upite kwanza kwenye vipimo vya kipato au elimu. Mwalimu akawashawishi waingie, wakaingia, wakashinda. Baba yangu alikuwa mtu wa kubadili njia za reli, hakufikia kipimo hata kimoja. Alikuwa akisema alipiga kura ile kwa kushangilia.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkirudi tena Kwihara, na najua mtarudi, msiishie mlangoni. Ulizeni waliobeba maji ya kuoga ya wageni wale walitoka wapi. Wazee wachache wanaokumbuka tuliyoambiwa jioni tukichambua mchicha bado wapo, Ng'ambo na Isevya na Ujiji, na wengine huwa wanasema ukikaa nao hadi chai ya pili. Na vijana muwaandikie habari za meya wa Donaldsonville walau ukurasa mmoja, badala ya Stanley wa mwezi ujao.

Nilikuwa nimekusudia kuweka jina langu kamili chini ya barua hii. Nilitaka liwe jibu la yule mgeni, kwa kuwa sina anwani yake. Jana nilimsomea dada yangu, tuko wawili tu tuliobaki. Alisikiliza yote, hata Colfax, akaniuliza Landry alikuwa na watoto, nikamwambia zaidi ya kumi, akafurahi. Kisha akanyamaza, akaniomba jina nisiliweke. Ana wajukuu wawili wa kike, posa ya mmoja imeletwa mwezi huu, na familia ya waoaji husoma gazeti lenu.

Kwa hiyo naomba mlihifadhi.

Karani mstaafu wa dirisha la tiketi,
Ng'ambo, Tabora